Tela la Sekela

Gwakisa alipokufa nilikwenda Makwale kumzika. Nilikaa mkekani na wanawake wengine, nikala wali wa msiba wake na maharage hadi sahani ikawa nyeupe, na walipoleta tena sikukataa. Watu walipojipanga kumwaga udongo nami nilimwaga, konzi iliyojaa, na mama mmoja nyuma yangu akanishika bega akasema, "Ndaga, dada, pole," akidhani nimeijaza kwa uchungu. Sikumsahihisha. Mchungaji alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kupenda wageni, na waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Hilo lilikuwa kweli tupu. Gwakisa alipenda wageni kuliko kitu chochote chenye pumzi, na nilipokuwa na miaka ishirini niliona kwa macho yangu mapenzi hayo yanaweza kuua nini. Tangu wakati ule nimezika watu wengi niliowapenda. Yeye ndiye mtu pekee niliyesubiri kumzika.

Mwaka ule nilishuka Kyela na farasi. Nilikuwa nimefanya kazi kwenye shamba moja la nyanda za juu, kwa mzungu mzee tuliyemwita Bibi Hana, nikiwalisha farasi wake, nikiwasugua, na kuwasafirisha kutoka shamba moja hadi jingine. Alipouza shamba ili arudi kwao, aliwagawa kwa marafiki zake mmoja mmoja, akabaki na jike wa rangi ya kahawia ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu umri ulikuwa umesogea. Akanipa mimi, pamoja na tela lake. "Usinishukuru," aliniambia. "Mfikishe salama, basi." Nikampa farasi jina la Sekela, yaani furahi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutingisha kichwa akiona mtu anakuja, kama shangazi anayepokea wageni. Na nilimfikisha salama, maana Bibi Hana alikuwa amenifundisha kwamba safari ya farasi inaanzia chini ya miguu yake. Unaondoa mikeka ya mpira, unagonga kila ubao wa sakafu, kwa sababu mkojo hula mbao kimyakimya, na mnyama mwenye uzito ule akikanyaga ubao uliooza hapewi nafasi ya pili. Kisha unaangalia matairi, na kiungio kinachounganisha tela na gari. Mnyama unamfunga kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kamba iwe ndefu kiasi cha kumwezesha kuinamisha kichwa apige chafya, lakini isiwe ndefu hadi aikanyage. Unamwachia hewa na majani ya kutafuna. Na unaendesha kama umebeba mtungi uliojaa hadi ukingoni, kwa sababu farasi aliye ndani ya tela haioni kona inakuja. Anaijua ikiwa tayari imefika miguuni mwake. Mtu asipande humo na mnyama gari likitembea, hata awe nani. Tulishuka kwa gari nililokodi, kutoka Tukuyu kwenye baridi na chai hadi kwenye joto na mpunga, tukisimama kila penye kivuli, na kila tuliposimama watoto waliacha shughuli zao na wazee nao wakaziacha zao.

Nilipanga chumba mjini Kyela, mtaa wa Bondeni, kwa Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge ambaye nusu ya ndugu zake walikuwa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Mumewe, Daktari Salehe, alikuwa mganga wa mifugo wa serikali, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku akinung'unika, akaoa, akaacha kunung'unika. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lililotazama uani, ukuta uliotoka jasho wakati wa masika, na marobota ya vitenge yaliyorundikwa hadi karibu na mto wa kulalia, hata leo harufu ya kitenge kipya hunirudisha kitandani pale. Jioni tulikula pamoja: wali wa Kyela, ambao harufu yake hutangulia sufuria, na samaki wa ziwani, mbasa, wa kukaanga iwapo wavuvi wa Matema walikuwa wamefika sokoni. Siku nyingine ilikuwa mbalaga, ndizi zilizochemshwa na karanga hadi zikalegea. Salehe hakuizoea. "Ndizi ni tunda," alisema kila mara. "Basi kula tunda," Mama Zuhura alimjibu bila kuinua macho. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa mezani na watu waliopendana kwa kubishana, nikafikiri nimefika mahali pa kuishi maisha yangu yote.

Farasi hakai Bondeni, kwa hiyo Sekela aliwekwa Bujonde, kwenye uwanja wa biashara wa Gwakisa, ambaye nyumbani kwake kulikuwa Makwale. Alikuwa mnunuzi mkubwa wa kokoa, mtu mpana, mcheshi, kofia nzuri, na ndiye aliyekuja mwenyewe kunitafuta aliposikia habari za farasi. "Binti, mnyama kama huyu si wa kufichwa," aliniambia. "Mlete kwangu. Zizi lipo, majani yapo, gari la kuvuta tela lako lipo." Nilimwita tata, baba, kama mtu anavyomwita mzee aliyemfanyia wema. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda. Baada ya mavuno ya mpunga harusi zilikuwa nyingi, na maharusi wa Ipinda na wa Kajunjumele walitaka kuingia kanisani juu ya Sekela, naye aliwabeba taratibu, akitingisha kichwa kwa waalikwa. Gwakisa alisimama pembeni akipokea pongezi kana kwamba amemzaa. Sikujali. Asubuhi mimi ndiye niliyempiga Sekela brashi, pumzi yake ya moto ikinipiga shingoni, na hakuna pongezi iliyonizidi hapo.

Joto na unyevu wa Kyela vilifanya kwa tela kile ambacho miaka ya nyanda za juu haikufanya. Siku moja niliondoa mikeka nikagonga sakafu, na upande wa nyuma kulia ubao haukulia. Ulinyamaza, kama ukigonga boga lililooza. Nilichomeka bisibisi ikazama hadi mpini. Nilimwita Gwakisa nikamwonyesha, nikamwambia tela halitembei hadi nipate mbao za mninga, na yeye akachuchumaa, akatazama, akasema, "Nimeona, binti." Nayakumbuka maneno hayo kuliko maneno ya watu walionipenda. Nimeona. Wiki ile ile malaria ikanilaza. Nilikuwa kitandani kati ya vitenge, meno yakigongana, Gwakisa alipokuja Bondeni. Alisimama mlangoni mwa chumba changu, kofia mkononi, akaniambia ana wageni wakubwa Matema, watu wa kutoka Mbeya na wengine wa ng'ambo, wameketi ufukweni, na ameshawaahidi kwamba watamwona farasi. Nikamwambia, "Tata, sakafu." Akasema, "Pumzika." Kisha nikamsikia uani akizungumza na Mama Zuhura, sauti yake ikipita dirishani laini kama mafuta. "Homa imemkamata sana, maskini. Hajui asemalo. Mpeni uji." Mama Zuhura akamuuliza, "Alisema nini?" Akajibu, "Habari za sakafu tu." Nikasikia mlango wa gari, na gari likaondoka. Nilijaribu kushuka kitandani nikaangukia marobota.

Mama Zuhura alinikuta pale, nikamweleza, naye alimwita mumewe kutoka kazini. Salehe alinifunga kwenye pikipiki yake kwa kitenge, mgongoni kwake kama mtoto, kwa sababu nilikataa kubaki, na tukaenda Bujonde tukakuta zizi wazi, tukaifuata barabara ya Matema. Wakati ule ilikuwa ya udongo, mashimo na mawe. Baada ya Ipinda tulianza kuona alama kwenye vumbi, mstari mwembamba mweusi katikati ya nyayo za matairi, na Salehe alipoitambua akaniambia, "Funga macho, mdogo wangu." Sikuyafunga. Gari lilikuwa limesimama kando ya barabara karibu na shamba la mpunga, kwa sababu tairi la tela lilikuwa limepasuka, si kwa sababu nyingine. Watu walikuwa wamezunguka. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umepita sakafuni, na barabara ilikuwa imeula. Sekela alikuwa bado amesimama kwa mitatu, ameegemea ukuta, jasho jeupe mwilini, na aliponiona alitingisha kichwa. Nilimshika masikio, nikaweka paji langu kwenye paji lake, nikamwimbia kitu, sijui nini, hadi Salehe alipomaliza kazi iliyokuwa imebaki kufanywa.

Gwakisa hakuja karibu. Alisimama upande wa pili wa barabara akijipepea kwa kofia, akiwaambia watu, "Ana kichaa mnyama huyu. Amepiga mateke sakafu hadi ameitoboa. Ningejua nisingemgusa." Ndilo neno lililofika mjini kabla yangu. Kufikia Jumapili kila mtu alijua kwamba farasi wa msichana wa Bondeni alikuwa na kichaa, na wengine waliongeza kwamba wazungu hawampi mtu mnyama mzima bila sababu. Wazazi waliokuwa wamemwinua mtoto wao wakampandisha juu ya Sekela sasa waliniangalia kama mtu aliyebakiza kidogo kuwaulia mwana. Nilikwenda kwa Gwakisa nikiwa bado nayumba kwa ugonjwa, nikamwambia aseme kweli mbele za watu, basi, sitaki kingine. Akacheka polepole. "Binti, mimi nimekusamehe aibu uliyonitia mbele ya wageni wangu. Nawe sahau." Tangu hapo sikumwita tata tena.

Watu hudhani kisasi ni moto. Kwangu kilikuwa kazi ya useremala. Nilipata mbao za mninga, nikang'oa sakafu ya zamani, nikaweka mpya, ubao kwa ubao, na kila msumari nilioupiga niliupiga kichwani mwa mtu ninayemjua. Nilifikiria kuchoma ghala lake la kokoa. Nilifikiria kufungua zizi lake la ng'ombe usiku wa radi. Mezani Salehe, aliyekuwa mcha Mungu, alisema, "Mwachie Mwenyezi." Mama Zuhura akamwekea mbalaga mumewe akasema, "Mwenyezi ana mambo mengi. Mtoto huyu ana moja." Ndiye aliyenipa gari lake dogo la kubebea vitenge, akaniambia nianze kusafirisha mifugo ya watu, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wakivunjika kwenye malori kila siku na hakuna aliyekuwa na tela la maana kutoka ziwani hadi Tukuyu. Nikaanza. Ng'ombe wangu walifika wamesimama. Jina langu likaanza kurudi taratibu, kwa mlango wa nyuma.

Ndipo Gwakisa akanihitaji. Mwanawe, Asajile, kijana mpole wa rika langu, alikuwa amechumbia binti wa Tukuyu, na wakwe walitaka mitamba wawili wa maziwa. Mara ya kwanza Gwakisa aliwapakia kwenye lori la mpunga, mmoja akafika pembe imevunjika, damu hadi kwapani, na wakwe wakawarudisha wote wakasema wataonana wakiona ng'ombe wazima. Siku ya pili ilipopangwa, alikuja Bondeni mwenyewe. Nilikuwa uani nachagua mchele. Alivaa koti jeusi na tai, tayari kwa ukweni, na nyuma yake Asajile alibeba kapu la zawadi kwa mikono miwili. "Binti," akasema, "yaliyopita si ndwele. Nichukulie ng'ombe wangu." Nikaendelea kuchagua mchele. Nikamwambia nitawachukua, lakini ng'ombe waliowahi kuumia njiani huogopa tela, kwa hiyo lazima mtu wanayemjua asimame mbele yao ndani. "Asajile atasimama," akasema. "Asajile simtii humo. Wewe." Mama Zuhura, aliyekuwa akifua, aliacha kufua. Gwakisa alitazama viatu vyake, akatazama jua, akafikiria wakwe waliokwisha kukusanyika. Mtu anayeogopa kuwavunjia wageni ahadi unaweza kumwingiza popote. Niliwapakia mitamba kule Makwale, nikawafunga, nikafungua mlango mdogo wa mbele, na Gwakisa akaingia na tai yake, kukiwa na bomba moja la chuma tu kati ya kifua chake na pua za ng'ombe. Nilijua ninachokifanya. Nilifunga kitasa mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga kuendesha kama alivyoendesha yeye. Tulipoanza kupanda kona za kuelekea Tukuyu nilikanyaga mafuta, na nikasikia kwato zikiteleza, na chini ya kwato sauti ya mtu. Asajile, aliyeketi pembeni yangu na kapu mapajani, akasema, "Dada Atupele, punguza. Ng'ombe wataumia." Hakusema baba ataumia. Labda naye alikuwa na yake. Nikaondoa mguu. Ningeweza kumfanya Gwakisa lolote siku ile, lakini mitamba wale hawakunikosea, na mikono yangu haikujua kuwaumiza. Kwa hiyo nilifanya kinyume. Niliendesha kama nimebeba mtungi. Nilisimama penye kivuli, nikasimama tena, nikawapa maji, nikawaacha wapumue, wakakojoa wakanya kwa raha zao, na yeye humo ndani, katika joto lao, mate yao yakishuka kwenye koti. Kwenye chemchemi moja nilifungua dirisha la mbele nikamwona. Tai ilikuwa imetafunwa. Midomo ilikuwa imekauka.

"Nifungulie, Atupele," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina.

"Umesimama aliposimama Sekela," nikamwambia. "Sema alifanyaje."

Alitazama kando. Asajile alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu na ndoo. Gwakisa alimwona na bado akasema, nadhani kwa sababu ya kiu. "Nilimsikia tangu Ipinda. Alikuwa anapiga ukuta. Ule mguu ulipopita chini nilisikia gari limekuwa zito. Nilijua."

"Kwa nini hukusimama?"

"Wageni walikuwa wanangoja."

Nilimpa maji kwa kikombe nilichowanyweshea ng'ombe. Nikamwambia kwamba atayarudia maneno hayo tukifika, hayo hayo, mbele ya wakwe, au nageuza gari na ng'ombe wanarudi Makwale. Nikafunga dirisha. Sehemu iliyobaki ya safari Asajile aliweka kapu miguuni. Aliendelea kushika ndoo tupu.

Wakwe walitupokea kwa vigelegele hadi waliponiona nafungua mlango mdogo, na akatoka humo baba wa bwana harusi, kinyesi hadi magotini. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Mitamba walishuka wazima, wakatikisa masikio, wakaanza kula majani ya uwanjani. Baba wa binti, mzee mwembamba mwenye fimbo, akauliza kwa adabu kwa nini mkwe wake amesafiri na mifugo. Nilimtazama Gwakisa nikingoja. Akasema. Alisema vibaya, akikata maneno, akijaribu kuanzia katikati, lakini alisema yote, hata lile la kichaa kwamba lilikuwa uongo. Wanawake wa mle ndani walikuwa wametoka jikoni na mikono yenye unga. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza bila hasira, "Binti yetu akilia huko Makwale, nani atasimamisha gari?"

Ng'ombe hawakupokelewa siku ile wala nyingine. Nilirudi nao taratibu, nikiwa na Asajile kando yangu, na Gwakisa akapanda basi. Habari ilitangulia kushuka mlima kama ilivyotangulia ile ya kwanza, na mimi nilirudishiwa jina langu lote. Nilifurahi. Watu wameniambia baadaye kwamba kisasi huacha uchungu mdomoni. Mimi niliukuta wali wa Mama Zuhura jioni ile ni mtamu kuliko siku zote, na nililala. Kilichonisumbua ni kimoja tu, kijana yule aliyeshika ndoo, ambaye hakuwahi kuahidi wageni kitu chochote. Yule binti aliolewa kwingine kabla mpunga haujavunwa. Asajile alihamia Mbeya, akaoa akiwa mtu mzima, na hajawahi kunilaumu hata kwa jicho. Hilo nalibeba. La baba yake sijawahi kulibeba hata kidogo.

Msibani ni Asajile aliyenisindikiza hadi barabarani, mvi kichwani, macho mekundu. Tulitembea pole pole. Akaniambia mzee alikuwa ameniulizia sana mwishoni, alituma watu kwangu kuniita, alitaka neno moja tu kutoka kwangu. Nikamwambia walifika wote, na niliwapa chai.

"Kila gari likipita hapa nje," Asajile akasema, "alituambia tuangalie kama ni wewe. Tukamwambia si wewe, mzee, pumzika."

Wiki zile nilikuwa na kazi ya kupeleka ndama Ngonga, na barabara ni hii hii. Ningeweza kunyamaza. Lakini Asajile alikuwa amenitendea haki maisha yake yote, alistahili jibu lililonyooka.

"Nilikuwa mimi," nikamwambia. "Nilipita. Sikusimama."